Mahali pa Kugeuzia Jeneza

Walipokuja kubomoa fwaye, walianza na madirisha. Waliyatoa mazima, vioo na yote, wakayalaza kwenye lori juu ya magodoro kama wagonjwa. Nilikuwa nimesimama barabarani na beseni langu la sambaza kichwani, wale samaki wadogo wa ziwa ninaouza, nikaelewa kwamba mwenye kazi ile anajua vizuri thamani ya kitu anachovunja. Mjinga angepiga nyundo tu.

Fwaye ilikuwa nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma, na baraza mbele yenye nguzo sita, hapa kwetu Kadutu, mahali mteremko unapopumzika kidogo kabla ya kuendelea kushuka. Wabeleji waliijenga ili wake za wafanyakazi wajifunze kushona na kupiga pasi. Mama mkwe wangu alijifunza mashine humo. Mimi nilicheza ngoma ya ndoa yangu humo, na watoto wangu wote waliimba korali humo, wazuri na wabaya wa sauti. Nyuma yake kulikuwa na nyumba za wafanyakazi, kumi na sita, mistari miwili, vyumba viwili viwili. Baba mkwe wangu alikuwa muashi, akapewa ufunguo wa nyumba ambayo ukuta wake aliujenga kwa mikono yake. Ufunguo ndio alipewa. Karatasi hakupewa, na hakuna jirani aliyepewa. Tulizaa, tukazika, vigae vikapasuka tukaweka mabati, na miaka yote hiyo hakuna mtu aliyetuuliza karatasi. Walianza kutuuliza juzi juzi, udongo wa mji huu ulipokuwa ghali kuliko watu wanaokaa juu yake.

Ninaandika haya kwa sababu fwaye haikuangushwa na mvua, na mvua yetu ninyi mnaijua. Haikuangushwa na vita pia. Iliangushwa na mkono wangu huu ulioshika kalamu ya biki.

Mjukuu wangu wa kwanza, binti wa binti yangu, amesomea kuchora majumba. Mimi niliishia darasa la tatu, yeye alifika mahali ambapo shule yenyewe inakwisha. Siku aliporudi na diploma yake nilivaa kitenge changu cha sikukuu nikapanda naye avenyu nzima kwa miguu, polepole, ili kila mtu apate muda wa kutoka nje na kuangalia. Wivu? Wacha wawe na wivu. Nilimlea mimi, kwa sambaza.

Wenzake wote walikimbilia Ibanda, kule chini kwenye ziwa, kuwachorea matajiri nyumba zenye ngazi ya kujizungusha kama konokono. Yeye akasema atachora avenyu yetu. Alitaka fwaye irudi kuwa fwaye: ukumbi wa kilio na wa ndoa, chumba cha korali, chumba cha mashine za kushona, na ukuta mmoja wa kutundika picha za wazee waliofyatua matofali yale. Na nyuma yake, zile nyumba kumi na sita zijengwe upya palepale, kila moja na ghorofa juu kwa ajili ya watoto walioolewa na bado wanalala kwa mama zao, na mifereji ya kupeleka maji ya mvua kwenye tangi badala ya kuyaacha yachimbe shimo la kutumeza. Juu ya karatasi ya kwanza kabisa aliandika kwa herufi kubwa, akanisomea mara mbili: hakuna anayetoka.

Akatuita wanawake kwenye sakafu ya fwaye, akafungua karatasi lake kubwa. Tukaliinamia wote.

Rafiki yangu wa nyumba namba kumi na sita, ya mwisho kabisa nyuma, ndiye alisema kwanza. Huyu tuliolewa mwaka mmoja, tukaletwa avenyu hii tukiwa wasichana wa kijijini wanaoogopa ngazi. Amewanyonyesha watoto wangu nikienda soko, nami nimewanyonyesha wa kwake.

"Hii njo nyumba?" akauliza. "Mimi naona matumbo ya mbuzi."

Wakacheka mpaka njiwa wakatoka darini. Mjukuu wangu akaeleza, hapa mlango, hapa dirisha, hapa chumba cha mita tatu na nusu.

"Mita tatu na nusu inafika wapi?"

"Koko, unisaidie," mjukuu akaniambia, maana bibi kwetu ni koko.

"Nikusaidie nini? Batu habajui mita. Banajua kitenge."

Na hiyo ni kweli. Mwanamke wa hapa anajua kitenge chake kuliko anavyojua umri wake. Ukikifungua, kutoka ncha moja mpaka nyingine ni yadi mbili, anakipima kwa mikono kila asubuhi akijifunga. Basi tukatoka nje, uwanjani nyuma ya fwaye, tukavitandika chini vitenge vyetu, na kila kitenge kikawa ukuta. Wanawake wengine walirudi nyumbani kuleta vile vya sandukuni. Kabla ya saa sita nyumba nzima, pamoja na kichochoro chake, ilikuwa imelala kwenye udongo mwekundu, ya maua, ya samaki, ya uso wa askofu, na sisi tukaingia ndani yake tukipita milangoni kama watu wenye adabu.

Ndipo tulipoona makosa. Jiko la makaa alikuwa ameliweka ndani, karibu na kitanda.

"Makala utawashia mu chumba?" wakamuuliza. "Unataka kutukausha sawa sambaza za koko yako?"

Akalifuta, akalitoa nyuma chini ya paa. Choo kilitazama mlango wa jirani, wakakigeuza. Halafu rafiki yangu akaenda chumba cha mwisho, akajilaza chini chali, mikono juu ya kifua.

"Nimekufa," akasema. "Munitoe."

"Maman, usicheze na kifo!"

"Mimi sicheze. Nimekufa mu chumba ya nyuma. Munitoe, batu bananingojea mu fwaye, banataka kulia."

Wanne wakambeba, wawili kichwani, wawili miguuni. Alikuwa mzito siku zile. Wakafika kwenye kona, mahali kichochoro cha nyumba za nyuma kinapokunja kuja mbele. Miguu ikapita, kichwa kikabaki. Wakarudi nyuma, wakajaribu kichwa kwanza, wakakanyaga maua na samaki.

"Munabomoa ukuta!" maiti ikapiga kelele. "Bamama, munabomoa ukuta na mimi nimekufa!"

Tulicheka mpaka mmoja akaomba ruhusa aende chooni. Mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa amepiga magoti kwenye ile kona na daftari lake, anapima. Akasogeza ukuta mmoja, akasogeza wa pili, mpaka kitenge kizima kilifunguka pale kwa mapana, ncha mpaka ncha. "Tena, tafadhali," akasema. Wakamrudisha marehemu chumbani, wakambeba mara ya pili, na safari hii akageuka kama mtumbwi, akatoka.

Toka siku ile, kwenye kila karatasi aliyochora, pale kwenye kona kulikuwa na kamtu kadogo kamelala. Akachora, akachora tena, akajenga fwaye na nyumba zote kumi na sita kwa makatoni ya sabuni, ndogo za kukaa juu ya meza, na kwenye kona ya makatoni akalaza kipande cha kijiti cha kiberiti. "Huyu ni wewe, maman," akamwambia rafiki yangu. Rafiki yangu akakiangalia kijiti kile muda mrefu. "Nimekonda," akasema.

Sasa nije kwenye mkutano.

Ili kazi ianze, ofisi ya ardhi ilipaswa kututambua sisi wakaaji wote pamoja, itupe karatasi moja. Na ili dosie, yaani faili letu, iingie ofisini, ulitakiwa mkutano na orodha ya waliofika, ile sisi tunaiita liste. Hapo inabidi nieleze mambo yetu. Kwetu hakuna mkutano bila liste, na hakuna liste bila sukre, yaani soda. Ikiwa ni mambo ya chanjo, ya kunawa mikono, ya amani, ya mbegu, unakaa, unasikiliza, unaandika jina, na mbele ya jina lako wanakupa mkate na chupa ya sukre. Anayeandikwa anakunywa, asiyeandikwa anarudi na koo kavu. Basi tumezoea. Mwanamke anajiandika, anamwandika mume aliye kazini, anamwandika mtoto aliye shuleni, na kuna majina ya marehemu ambayo yamekunywa sukre miaka mingi baada ya mazishi. Hakuna anayeita huo wizi. Chupa zisirudi kwenye gari na wageni waliozileta, hilo ndilo wazo.

Siku ya mkutano fwaye ilijaa. Mjukuu wangu alisimama na makatoni yake, akieleza, na alieleza vizuri mpaka wazee wakaacha kusinzia. Shefu wa avenyu, mkubwa wetu wa mtaa, alikaa mbele. Pembeni yake alikaa bwana mmoja wa viatu vyenye ncha ndefu, na nyuma ya bwana yule kulikuwa na kreti za sukre, nyingi, baridi. Mjukuu wangu alidhani bwana huyo amekuja na shefu. Shefu, alivyosema baadaye, alidhani ni mfadhili wa mjukuu wangu. Sisi wanawake tulidhani ni serikali, kwa sababu ya viatu. Na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu kwetu mtu aliyeleta vinywaji haulizwi ametoka wapi.

Asubuhi ile nilikuwa nimempitia rafiki yangu twende pamoja.

"Siende," akaniambia. Alikuwa anachambua maharage. "Ile mutu ya viatu nilimuona jana. Anapita mu kichochoro, anaangalia nyumba sawa mutu anapima mbuzi mu soko."

"Ni mkutano wa mtoto wetu."

"Mutoto ninamupenda. Mkutano siende. Na weye, usiniandike."

"Nani amesema nitakuandika?"

"Ninakujua. Usiniandike."

Shefu akanipa mimi ile liste niishike, kwa sababu avenyu nzima inajua naandika vizuri. Ilikuwa imepigwa mistari, namba moja mpaka kumi na sita, kila nyumba na mstari wake. Juu palikuwa peupe. "Kichwa wataandika ofisini na mashine," akasema shefu. Nikapita nayo mtu kwa mtu, nimevaa miwani, mgongo umenyooka. Mjukuu mbele anafundisha, koko nyuma anaandikisha. Ni siku gani nyingine Mungu angenipa kama ile?

Nilipomaliza kulikuwa na mistari minne mitupu. Namba nne, baba wa nyumba alikuwa Shabunda anachimba dhahabu, na mkewe alisema hana ruhusa ya kuandika kitu bila yeye. Namba tisa, mzee amekufa, watoto wamefunga mlango. Namba kumi na mbili walikuwa wameshuka Luberizi kuvuna mpunga. Na kumi na sita.

Nikaliangalia karatasi lile. Lilikuwa kama kinywa chenye mapengo. Nikafikiri, karatasi hili litakwenda kwa wakubwa pamoja na michoro ya mtoto wangu, na wataona mapengo, watasema huyu msichana watu wake hawamtaki. Nikafikiri pia zile chupa nne. Nisidanganye, nilizifikiri. Nikageukia ukuta nikajaza.

Na nilijaza kwa ustadi. Huo ndio ubaya wa darasa la tatu, unajua kidogo na unakijua sana. Sikutaka afisa aone mkono mmoja. Namba nne nikampa saini ya haraka ya mwanaume asiye na muda. Namba tisa nikamtetemesha mkono kama alivyokuwa anatetemeka mwenyewe. Kumi na mbili nikailaza upande. Na rafiki yangu, ambaye hajui kuandika na huchora kaduara kenye mkia, nikamchorea kaduara kake na mkia wake, kazuri kuliko anavyoweza yeye.

Jioni nikampelekea chupa yake. Aliiweka dirishani, haijafunguliwa, ikakaa hapo.

Mvua ikaja, ikaenda. Siku moja tukakuta karatasi limebandikwa kwenye mlango wa fwaye, na mjukuu wangu akalisoma kwa sauti mbele ya watu, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa lugha yetu, na sauti yake ikawa inapungua. Fwaye na uwanja na ardhi yote ya nyumba kumi na sita vimepata mwenyewe. Tunapewa muda wa kutoka. Na nyuma ya barua ile, kopi ya liste yetu. Ile ile. Juu, palipokuwa peupe, mashine ilikuwa imeandika kwamba sisi wakaaji wote, bila kukosa hata mmoja, tumekubali kwa hiari kumpisha mnunuzi.

Watu hawakumtafuta bwana wa viatu. Hawakumtafuta shefu, ambaye alikuwa amehamia kwa kaka yake siku mbili kabla. Mjukuu wangu ndiye alikuwa karibu.

"Mutoto ya masomo! Umetuuza na sukre!"

"Njo maana ulituchekesha na vitenge! Ulikuwa unamupimia huyo mutu!"

Mmoja alichukua zile nyumba za makatoni akazikanyaga. Mtoto wangu alisimama akapokea yote, hakujitetea, kwa sababu aliamini kosa ni lake: yeye mwenye shule ndiye aliyeacha karatasi lisainiwe bila kichwa. Nami nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama pembeni ya nguzo ya tatu, na mdomo wangu huu unaojulikana mpaka soko la juu haukufunguka.

Akashuka Ibanda ofisini, siku nne mfululizo, mpaka akampata karani mmoja mwenye huruma. Siku ya tano akarudi kwangu nikiwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Akakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya kazi.

"Koko, karani amesema kitu. Anasema kama hata nyumba moja ingekosekana, angesimamisha dosie. Sheria ingempa nguvu, nyumba moja tu. Lakini anasema wako kumi na sita. Wote kumi na sita." Akajipangusa macho. "Mimi siku ile nilidhani maman wa namba kumi na sita hakuja. Nilimtafuta kwa macho. Kumbe alikuja."

Nikaacha mchi ndani ya kinu.

"Hakuja," nikasema. "Ni mimi."

Hakunielewa. Nikamwambia yote, minne, mmoja mmoja. Kisha akauliza, polepole, kama mtoto mdogo anayeuliza bei: "Hata yule aliyekufa?"

"Hata yule."

Kesho yake tukashuka wote watatu, mimi, yeye, na rafiki yangu ambaye nilikwenda kumwamsha mwenyewe. Nilipomwambia nilichofanya hakupiga kelele. Alitoa ile chupa dirishani, kifuniko kimeshaanza kutu, akaniwekea mkononi. "Chukua kitu yako," akasema. Halafu akajifunga kitenge, akachukua fimbo yake, akanitangulia njiani.

Karani alikuwa mpole. Alitupa viti.

"Koko, unataka nikuandike kama mutu anaiba majina ya batu?"

"Andika. Njo kitu nilifanya."

"Unaweza kwenda gereza."

"Gereza iko na paa. Andika."

Akasukuma karatasi jeupe na biki mbele yangu. "Basi fanya tena. Hizi nne. Nione kama ni mkono yako."

Nikavaa miwani. Mkono wangu, ambao siku ile ulizunguka kama wa mwalimu, ukagoma. Namba nne ilitoka nzito. Namba tisa niliitetemesha, ikatetemeka vibaya, si kama yake. Nikajaribu kaduara kenye mkia nikatoa yai. Karani akaweka karatasi langu pembeni ya kopi, akaangalia, akatikisa kichwa. Haikufanana hata moja. Nilikuwa nimeficha mkono wangu vizuri mno hata mimi nisiupate.

Rafiki yangu akasimama na fimbo. "Mimi njo kumi na sita. Sikuandika."

"Maman, ninasikia," akasema karani. "Lakini mkubwa wangu atasema hivi: bibi wawili hawataki kutoka, mmoja anasema ameandika, mwingine anasema hajaandika. Karatasi njo karatasi." Akamwangalia mjukuu wangu. "Acha nijaribu. Rudini baada ya wiki mbili."

Kabla ya hizo wiki mbili kwisha, mji ukabadilisha wakubwa, mnajua yalivyokuwa. Ofisi zikafungwa, zikafunguliwa, na kwenye kile kiti palikuwa na kijana ambaye hajawahi kusikia habari ya fwaye. Dosie yetu haikuonekana. Barua ya mnunuzi, hiyo ilionekana. Na ndipo lile lori likaja na magodoro.

Mjukuu wangu hakukaa kuangalia. Avenyu ilikuwa imemshinda. Akienda kuchota maji wanahamisha bidoni zao, yaani madumu, mbali na yake. Nilitaka kusimama barabarani niwaambie ni mimi, na nilisimama, nikawaambia. Walijibu, "Koko anafunika mujukuu wake, njo kazi ya koko." Hawakuamini pia. Sasa yuko Kisangani, anachora vituo vya mafuta. Amenitumia picha ya kimoja. Ni paa na nguzo nne, hakuna mtu ndani.

Mnunuzi alijenga upesi. Mahali pa fwaye pana jumba la vioo vya bluu, chini maduka, juu bado tupu. Nyumba za mstari wa mbele zilikwenda. Ya kwangu, ya pembeni, imebaki chumba kimoja, kingine kimekatwa, unaweza kuona nje rangi ya ukuta niliyopaka mwaka wa ndoa ya binti yangu. Za nyuma aliziacha kwa sasa, akajenga ukuta wa bloki mbele yao, mrefu, na vipande vya chupa juu. Akaacha kichochoro. Watu wanapita kwa ubavu.

Rafiki yangu alikaa nyuma ya ukuta ule misimu miwili ya mvua. Hakuniambia neno baya hata siku moja. Akipika sombe alinipelekea bakuli, na mimi nilikula, na afadhali angenipiga. Alikonda kweli. Kifua kikamshika, akafa asubuhi ya jumapili, watu wakiwa misa ya kwanza.

Vijana wakaingia na jeneza tupu kwa kulisimamisha, likapita. Ndani ya nyumba wakamlaza, wakafunga, na hapo ndipo likawa zito. Nilikuwa nimesimama kwenye kona, ile kona. Nilijua kabla yao. Wakaja miguu kwanza, likagonga bloki. Wakarudi, wakaja kichwa kwanza, likagonga nyumba. Mmoja akasema wavunje bloki mbili tatu, mwingine akamwonyesha mlinzi wa jumba aliyekuwa anaangalia kutoka juu na simu sikioni.

"Tumusimamishe," akasema kijana mmoja.

"Usimusimamishe mama yangu!" binti yake akalia.

Wakamsimamisha. Nini kingine? Wakalisimamisha jeneza wima kwenye kona, na tukasikia ndani yake mwili unashuka, unakaa chini. Wote tulisikia. Binti yake alijiziba masikio. Wakalizungusha wima, hatua kwa hatua, likikwaruza ukuta, wakatoka nalo.

Wote walipokwisha kupita nilibaki nyuma. Nilifungua kitenge changu, nikashika ncha moja kwenye bloki, nikakivuta kwenda upande wa pili. Hakikufunguka hata nusu. Kilining'inia mkononi.

Kilio kilikuwa barabarani, chini ya shitingi, turubai la bluu lililofungwa kwenye nguzo ya umeme, magari ya mizigo yanapita yakituvuta nguo. Mjukuu wangu alipiga simu. Aliuliza kama maman ametoka vizuri. Nikamwambia. Nikasikia upande wake mashine inachanganya sementi.

"Niliacha yadi mbili pale," akasema. "Kwa ajili yake."

"Najua."

Jioni likaletwa daftari la waliofika kwenye kilio, ili familia ijue nani alikuja. Binti wa marehemu ndiye alilibeba mwenyewe, benchi kwa benchi, na biki imefungwa kwa uzi. Mwanamke aliyekaa kushoto kwangu aliandika. Nikavaa miwani yangu. Binti yule, ambaye amenyonya ziwa langu hili, akalichukua daftari, akalipitisha juu ya magoti yangu, akampa aliyekaa kulia kwangu.